Habari za Mmea Ulao Wadudu Wakati wa Kipupwe

Yako mambo mengi ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka katika nchi, nasi twapita karibu nayo bila kuyatazama. Yako na mengine ambayo tukiyaona mara ya kwanza twayaogopa, tukayapa jina baya kabla ya kuuliza habari zake. Leo nataka kueleza habari za kitu kimoja cha namna hiyo, yaani mmea mdogo unaonasa wadudu na kuwala, ambao nimeutunza katika wilaya ya Bariadi muda wa kipupwe kizima. Nitaeleza kwanza jinsi ulivyo, kisha jinsi unavyotunzwa wakati wa baridi na ukavu. Mwisho nitaeleza jambo lililotokea kijijini kwetu kwa ajili yake, maana jambo hilo ni kubwa kuliko mmea wenyewe.

Mimi na wanafunzi wangu twauita mmea wa umande. Waingereza na Wajerumani huuita kwa jina lenye maana ya umande wa jua, na wataalamu huuita Drosera, neno lililotoka katika Kiyunani, maana yake wenye umande. Sababu ya majina hayo huonekana mara moja mtu autazamapo. Kila jani lina vinywele vyekundu vingi, na juu ya kila kinywele pana tone dogo jeupe kama kioo. Umande wa kweli hukauka jua likipanda, lakini umande wa mmea huu hung'aa hata saa sita mchana. Basi usubi au mbu akiona matone yale hudhani ni asali ya ua, akatua ili anywe. Lakini yale si maji wala si asali, ni ulimbo. Mdudu akishanasa hujitahidi kujinasua, na kadiri anavyojitahidi ndivyo vinywele vya kandoni vinavyojikunja polepole kumwelekea, hata akafunikwa. Kisha jani hutoa maji mengine makali, mfano wa yale yaliyomo tumboni mwetu, nayo huyeyusha nyama yake laini. Baada ya siku chache vinywele hufunguka tena, na kilichobaki ni ganda tupu ambalo upepo hulipeperusha.

Labda msomaji atauliza: Kwa nini mmea ule nyama, na mimea mingine yote yaridhika na udongo, maji na jua? Jibu lake ni umaskini. Mmea huu hukaa katika vinamasi na mahali palipolowana siku zote, ambapo mvua imeuosha udongo miaka na miaka hata nguvu yake ikaondoka. Mahali kama hapo mahindi hayawezi kusitawi, wala mtama. Mmea wa umande hujifanyizia chakula chake kwa mwanga wa jua kama mimea mingine, lakini hukosa naitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo sisi wakulima huviweka shambani kwa samadi. Vitu hivyo mmea huvipata katika mwili wa mdudu. Wafugaji wa huku wataelewa upesi nikiwaambia hivi: ng'ombe hula majani, na majani ndiyo chakula chake, lakini hutafuta udongo wa chumvi akaulamba, kwa sababu majani peke yake hayana chumvi ya kumtosha. Mdudu kwa mmea huu ni kama ule udongo wa chumvi kwa ng'ombe.

Duniani kote ziko aina zaidi ya 200 za mmea wa umande. Katika nchi yetu ya Tanzania hupatikana katika majani yenye unyevu ya nyanda za juu za kusini, upande wa Njombe, na aina ya huko huitwa na wataalamu Drosera madagascariensis. Hata sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunao mmea mwingine wa tabia kama hiyo, ijapokuwa si wa ukoo mmoja nao. Huelea katika maji yaliyotulia, hauna mizizi, na chini ya maji una vifuko vidogo kama punje za ulezi, ambavyo huwafyonza wadudu wadogo wa majini wakiugusa mlango wake. Ukitoka nje ya maji huonekana ua lake tu, na mvuvi apitaye na mtumbwi hana habari kwamba chini yake pana mitego mingi.

Mtu aliyeuchunguza mmea wa umande kwa uvumilivu mkubwa kuliko wote wa zamani alikuwa Mwingereza, Charles Darwin. Aliuona katika kiangazi cha mwaka 1860 kwao Uingereza, akashangaa kuona wadudu wengi walivyonaswa katika majani yake, akaendelea kuupima miaka mingi hata akatoa kitabu mwaka 1875. Aliyapa majani vipande vidogo vya nyama na yai, akaona vinywele vinajikunja na kukaa hivyo muda mrefu. Aliyapa vipande vya kioo na vitu vingine visivyo chakula, akaona vinajikunja kidogo kisha vinafunguka upesi. Matone ya mvua hayakuvitikisa hata kidogo. Mwaka 1878 mwanawe, Francis, alitoa habari za mimea aliyoigawa mafungu mawili, fungu moja akalilisha nyama na fungu la pili akalizuilia wadudu. Lile lililolishwa lilizaa mbegu nyingi zaidi. Hivyo watu waliokuwa wakibisha wakapata ushahidi kwamba mmea haunasi wadudu kwa bahati tu, bali hufaidika nao.

Sasa nitaeleza habari za majira magumu. Kila kiumbe kina majira yake magumu, na mimea ya umande huyavuka kwa njia mbalimbali, nami nitaeleza tatu. Njia ya kwanza ni ya zile za Ulaya ya kaskazini na Kanada, ambako ardhi hufunikwa na theluji miezi mingi. Mmea wa huko siku zikianza kuwa fupi huacha kutoa majani mapana, ukajifunga katikati kuwa tumba dogo la kijani lililokazana kama ngumi ya mtoto mchanga. Majani ya nje huwa meusi na kuoza, na mtu asiyejua husema umekufa. Lakini tumba hulala chini ya theluji mpaka jua lirudi, likafunguka. Watu wa huko wanaoitunza majumbani hufundishana jambo moja mbele ya yote: usiutupe mmea wakati wa baridi kwa sababu ya sura yake.

Njia ya pili ni ya aina iitwayo Drosera indica, ipatikanayo Afrika na Asia, mahali penye maji wakati wa mvua na pakavu kabisa wakati wa kiangazi. Mmea huu haujaribu kuokoka. Huota, huchanua, humwaga mbegu zake, ukafa, na mbegu peke yake ndizo zinazolala katika vumbi mpaka mvua nyingine. Njia ya tatu ni ya huo wa Njombe. Huko mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, na asubuhi nyingine sakitu huonekana nyeupe juu ya majani. Mmea wa huko haujifungi kuwa tumba. Hupunguza mwendo, majani ya chini hukauka na kuning'inia kwenye shina, na ncha ya juu huendelea kidogo kidogo, maadamu mizizi yake haikosi maji. Ukipatwa na moto au ukavu, shina laweza kufa, na mara nyingine mizizi huchipua tena.

Mbegu zangu nalizipata kwa mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Njombe, ambaye twalisoma pamoja katika chuo cha misioni. Hakung'oa mmea hata mmoja. Alikung'uta vikonyo vichache vilivyokauka juu ya karatasi, akaikunja karatasi ile, akaniletea pamoja na mkebe wa udongo mweusi wa kinamasi. Mbegu zenyewe ni ndogo kama ugoro, na mtu akipiga chafya amezipoteza zote. Nalizipanda mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, mvua zilipoanza.

Hapa Bariadi hatuna sakitu wala theluji. Kipupwe chetu ni usiku wa baridi unaomfanya mtu atafute blanketi la pili, na mchana wa jua kali, na upepo mkavu wa kusini-mashariki. Tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa twaweza kukaa bila tone la mvua. Basi baridi yetu haiwezi kuudhuru mmea uliozoea Njombe, bali hatari yake ni ukavu, na tena ni maji yenyewe. Visima vingi vya nchi yetu vina maji ya chumvi, nasi tumeyazoea, lakini mmea huu hauyawezi. Ukiunywesha maji ya kisima mizizi yake huungua polepole, ukafa. Hata maji ya chupa ya dukani mengi yana madini ndani yake. Maji yanayoufaa ni ya mvua.

Udongo nao si kila udongo. Wasukuma wanajua aina za udongo wao vizuri: mbuga ni ule mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na luseni ni ule wa mchanga ulio juu kwenye miinuko. Mbuga hauufai mmea huu, maana una nguvu nyingi na chumvi. Mimi nalichukua mchanga mweupe wa mtoni, nikauosha kwa maji ya mvua mara nyingi hata maji yakatoka safi, nikauchanganya na ule udongo wa kinamasi. Sikutumia chungu cha udongo, kwa sababu chungu hutoa chumvi zake kidogo kidogo. Nalikata dumu la plastiki, nikalitoboa chini, nikaliweka ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, ili mizizi inywe kutoka chini. Sikutia mbolea wala samadi, kwani kilicho neema kwa mahindi ni sumu kwa mmea huu.

Mwezi wa tano, kabla mvua hazijakatika, nalikinga maji ya bati katika madumu manne ya lita 20. Watu waliniuliza kama ni haki kuwekea majani akiba ya maji, na akina mama wakati wa kiangazi huamka alfajiri kwenda kisimani. Ni swali jema, nami nalilifanyia hesabu pamoja na darasa la sita. Beseni lilikunywa nusu lita kwa siku. Toka tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Septemba ni siku 122, basi jumla ni lita 61. Maji hayo yalitoka juu ya bati la nyumba yangu, ambayo zamani yalimwagika uani yakapotea. Baada ya hesabu hiyo wazazi watatu walitafuta mapipa wakaanza kukinga maji ya mabati yao, wala si kwa ajili ya mmea, bali kwa ajili ya watoto wao.

Mwezi wa saba mwaka 2023 nalikuwa na safari ya majuma matatu. Mimea ilikuwa midogo bado, kila mmoja ungefunikwa na kifuniko cha dumu. Nalimwendea jirani yangu, mama mjane aliyepita miaka sabini, akaaye peke yake na mbuzi wake wanne. Nalimchagua yeye kwa kuwa hakuna mtu kijijini ajuaye kuhifadhi mbegu kama yeye. Mbegu za mtama, za maboga na za kunde huzitundika juu ya meko yake, na mwaka wa njaa watu humwendea.

Nikamwambia, "Mayu, naomba unitunzie kitu hiki. Kila asubuhi utie kikombe kimoja cha maji ya dumu hili katika beseni."

Akauliza, "Nacho chala nini?"

"Chala jua, na wadudu wadogo."

Akacheka, akasema, "Basi kina busara kuliko mbuzi wangu, maana wao hula hata kanga yangu."

Yule mama aliutunza mmea vizuri kuliko mimi. Aliona baada ya siku mbili kwamba upepo ukivuma, umande wa majani hukauka kabla ya saa nne, na majani yasiyo na umande hayawezi kunasa kitu. Akalihamisha beseni upande wa mashariki wa nyumba yake, nyuma ya boma la minyaa, mahali papatapo jua la asubuhi wala hapana upepo. Akaweka na beseni la pili la maji ya kisima karibu yake, lisiloguswa na mizizi, ili hewa ya pale iwe na unyevu. Mambo haya hakuambiwa na mtu. Aliyajua kwa sababu amekuza miche kwa miaka hamsini. Tena alipoona kwamba kwa ajili ya baridi wadudu wamekuwa haba, alikamata nzi wadogo, akawaweka juu ya majani kwa ncha ya kijiti.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Vijana wachungao mbuzi walimwona, wakaona jani likimkunjia nzi, wakakimbia. Kisimani wakasema kwamba bibi analisha majani nyama. Siku ya tatu neno lilikuwa limekua, ikasemwa kwamba leo ni nzi, kesho ni kuku, na kesho kutwa ni mtu. Juma lile lile mtoto wa nyumba ya pili akashikwa na homa kali, akapatwa na degedege. Mama yake alikuwa na akili njema, akambeba mpaka zahanati, akapimwa damu, akaonekana ana malaria, akapewa dawa, akapona. Lakini habari ya degedege ilienea kijijini siku ile ile, na habari ya kipimo cha damu haikumfikia hata nusu ya watu.

Nalirudi nikakuta mawe yametupwa usiku juu ya bati la yule mama, usiku mara mbili. Beseni alikuwa ameliingiza ndani, naye kila asubuhi alilitoa juani kwa saa tatu, akalirudisha. Aliponiona alisema, "Mwanangu, twaa mali yako. Sikuitupa kwa kuwa uliiacha mkononi mwangu. Lakini mimi ni mzee, nami nimeona jinsi wenzangu walivyokwenda."

Ndugu zangu wa Usukuma, mnajua maana ya neno lile. Hatupendi kulisema, wala si heshima kwetu, lakini ni kweli. Kwa miaka mingi katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na wengine hawakuwa na ushahidi juu yao isipokuwa macho mekundu. Na wekundu huo ulitoka wapi? Ulitoka katika moshi. Mama aliyepika miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, atakuwaje na macho meupe? Alipata macho yale kwa kutulisha sisi, kisha sisi twamwua kwa ajili yake.

Jioni ile ile nalikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mchungaji wetu. Mwenyekiti alipiga simu polisi, akawaweka walinzi wawili wa sungusungu kulala karibu na nyumba ya yule mama. Mchungaji akasema, "Kitu kilichoogopwa gizani na kitazamwe mchana." Tukakubaliana kwamba Jumapili mmea uwekwe barazani pa kanisa, kila mtu auone na kuugusa. Nalimwuliza yule mama kama atapenda nimtaje au nimfiche. Akajibu, "Nitakuja mwenyewe."

Jumapili ile watu walijaa kuliko siku ya mavuno. Nalieleza kwa maneno machache yale niliyoyaandika hapo juu, kisha nikawaacha waguse. Mvulana mmoja aligusa tone kwa kidole, akavuta, uzi mwembamba ukafuata, akapiga kelele, "Ni ulimbo!" Kila mvulana wa huku amekwisha kunasa ndege kwa ulimbo, basi wote wakaelewa mara moja. Baada ya ibada ya kwanza twaliweka sisimizi mmoja juu ya jani moja, na chembe ya mchanga juu ya jani la pili, mbele ya macho yao. Ibada ya pili ilipokwisha tukatazama tena. Jani la sisimizi lilikuwa limemfunika kwa vinywele vyake vingi. Jani la mchanga lilikunja vinywele vichache tu.

Mzee mmoja, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote siku za nyuma, akauliza, "Mwalimu, kitu kisicho na macho kimejuaje kwamba hiki ni mdudu na hiki ni jiwe?"

Kabla sijajibu, yule mama alisema, "Baba, hata tumbo lako halina macho. Ukimeza kokwa la embe, tumbo halitajua?"

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka. Kisha akainama akautazama mmea kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni njaa tu."

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba siku ile yote yalikwisha. Mawe hayakutupwa tena, nasi twamshukuru Mungu. Mama wa yule mtoto alikwenda mwenyewe kwa jirani yetu na maziwa katika kibuyu, akaeleza mbele ya watu habari ya kipimo cha damu. Lakini nyumba moja mpaka leo haimwamkii, na watoto wa nyumba hiyo hupita njia ya mbali. Hofu ya miaka mingi haiondoki kwa Jumapili moja. Kwa hiyo mwenyekiti na mchungaji waliendelea kumtembelea, na vijana wa kanisa walimtobolea dirisha jikoni pake, wakamjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mwaka 2024 wamewajengea wajane wengine watatu.

Na mmea je? Mwezi wa nane majani ya chini yalikuwa meusi yote, na mimea miwili kati ya saba ilikufa. Mitano ilibaki, kila mmoja na majani matatu au manne juani. Mvua za kwanza zilipokuja ilianza kwenda mbio, majani yakawa mekundu, na mwezi wa pili mwaka 2024 ikatoa maua madogo ya rangi ya waridi, yanayofunguka jua likiwaka na kufumba baada ya saa chache. Baada ya maua zikaja mbegu. Mayu alizikung'uta juu ya karatasi, akaikunja, akaitundika juu ya meko pamoja na mtama na kunde zake.

Walimu wenzangu wanaotaka kuuonyesha mmea huu kwa wanafunzi na waangalie mambo haya. Tumieni mbegu, wala msing'oe mimea vinamasini, kwa sababu huko Madagascar mimea ya namna hii imekwisha chumwa kwa wingi ikapelekwa Ulaya kufanyizwa dawa ya kikohozi, na kinachochumwa bila kupandwa huisha. Wekeni akiba ya maji ya mvua mapema. Upeni mmea jua na kuukinga na upepo. Msiulishe nyama ya jikoni, maana huoza na kuharibu jani. Usubi mmoja kwa juma watosha. Uacheni katika chombo chake, msiupande katika mabwawa ya huku ambako si kwao. Na kipupwe kikifika, majani yakawa meusi, msiutupe. Tazameni kwanza katikati ya shina kama pana ukijani.

Tena kabla ya kuupeleka nyumbani kwa mtu yeyote, uonyesheni kwanza mbele ya watu wote mchana, na yule atakayeutunza mpeni heshima ya kueleza yeye mwenyewe. Maandiko yanatuambia kwamba mfalme Sulemani, pamoja na hekima yake yote, alisema habari za miti, tangu ule mkubwa wa Lebanoni mpaka mmea mdogo uotao ukutani. Kama mfalme hakuona aibu kuuliza habari za mmea mdogo, sisi nasi tusione aibu kuuliza. Na tukikutana na kikongwe mwenye macho mekundu, tumwulize habari za jikoni mwake kabla ya kusikiliza habari za kisimani.

Mbegu bado ziko. Mwalimu atakayefika kwetu kabla ya mvua atapewa, ila itambidi amwombe Mayu, maana ndiye mwenye kuzigawa.